SHEREHE YA WATOTO AU MAONESHO YA WAZEE?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, huenda wapo miongoni mwenu watakaostaajabu kuona kwamba ukurasa huu, uliozoea kuzungumzia Tawhidi, Swala na Zaka, safari hii umegeukia sherehe ya kufunga shule ya watoto wa darasa la tatu. Watauliza: je, matatizo ya umma yamekwisha hata tukaanza kuhesabu ndizi na vikombe? Hayajakwisha. Nasi tutahesabu ndizi na vikombe, kwa sababu tumejionea jinsi dhulma inavyoweza kuingia darasani ikiwa imepambwa kwa maputo.

Mwishoni mwa mwaka uliopita, katika shule moja ya msingi isiyo mbali na hapa Magamba, ambayo hatutaitaja kwa kuwa lengo letu si kumuaibisha mtu, ilitangazwa kwamba watoto wa darasa fulani watafanya sherehe ya kuagana kabla ya likizo. Kila mtoto aje na shilingi 5,000. Daftari likafunguliwa, majina yakaandikwa, na kila asubuhi yakasomwa kwa sauti majina ya wasiolipa. Siku ilipofika ikaletwa keki kutoka mjini Lushoto, spika mbili, viti vya kukodi na mgeni rasmi. Watoto tisa ambao majina yao hayakuwa na alama ya vema waliambiwa wakakae chumba cha pili mpaka wenzao wamalize. Ukuta uliowatenga ulikuwa wa tofali moja. Kila kilichosemwa na kuimbwa walikisikia.

Mmoja wa tisa hao, binti wa miaka tisa, alikuwa amekuja na kikapu cha plamu. Bibi yake alizichuma alfajiri, akijua kuwa nyumbani hamna 5,000 na akidhani kuwa plamu zingetosha kumwombea radhi mjukuu wake. Mtoto akaambiwa kwamba matunda hayapokelewi. Akarudi nazo nyumbani zikiwa hazijapungua hata moja. Babu yake alitusimulia habari hii barazani baada ya Swala ya Alasiri, na hakutuomba chochote. Aliuliza tu: mtoto huyu nimwambie nini Januari, atakapotakiwa kurudi shule?

Tuliokuwa barazani pale hatukuwa na jawabu. Makala haya ni jawabu lililochelewa.

HIARI YENYE DAFTARI

Tuanze na kanuni za nchi, maana wapo wanaodhani kwamba tunaomba huruma tu. Mwaka 2001 Serikali iliondoa ada katika shule za msingi, na kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002, madarasa yalijaa watoto ambao wazazi wao walikuwa wamekwisha kata tamaa ya kuwasomesha. Polepole michango ikarudi kwa mlango wa uani: wa mlinzi, wa dawati, wa chaki, wa mtihani wa majaribio. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada na michango katika shule za umma, tangu elimu ya awali hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Na Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango katika shule hizo, akasisitiza kwamba mwalimu asijihusishe na kukusanya fedha za wazazi.

Basi mchango umejifunza kubadili jina. Leo unaitwa "mchango wa hiari wa sherehe". Tunauliza: ni hiari gani hii inayoandikwa katika daftari na kusomwa mbele ya watoto kila asubuhi? Mtu mzima akidaiwa hadharani huona haya hata akabadili njia ya kwenda sokoni. Mtoto wa miaka tisa abadili njia gani? Njia yake ni moja tu, ya kwenda shule, na ndiyo hiyo tunayomzibia.

Wala hatumbebeshi mwalimu wa darasa lawama yote. Mara nyingi yeye ni mdhulumiwa wa pili. Ana watoto sabini, ana mitihani ya kusahihisha na ripoti za kuandika, kisha wanamjia wazazi watatu wanne wenye uwezo, wamebeba katika simu zao picha za sherehe ya shule fulani ya mjini, wakitaka na ya kwao iwe vilevile au izidi. Wao hutoa wazo. Mwalimu hutoa usingizi wake, na mara nyingine mshahara wake, pale hesabu inapopelea. Mambo yakiharibika, atakayeitwa ofisini kueleza kwa nini amekusanya fedha ni yeye. Wenye wazo watakuwa wamekwisha pata picha zao.

Kwa hiyo maneno yetu makali tunawaelekezea hao wenye wazo, na tunasikitika kusema kwamba wengi wao tunasimama nao safu moja msikitini. Kipimo cha sherehe kwao ni urefu wa keki, ukubwa wa spika na cheo cha mgeni rasmi. Na huyo mgeni rasmi! Watoto huketishwa tangu saa tatu wakimsubiri, naye huingia saa sita. Keki imefunikwa kitambaa, hairuhusiwi kuguswa mpaka aikate yeye. Kisha huhutubia juu ya maendeleo ya kata mbele ya watoto ambao tangu asubuhi hawajatia kitu kinywani. Tunawauliza wazee wenzetu, kwa haki ya Mola wenu, hii ni sherehe ya nani?

DINI YETU INASEMAJE

Katika Suratul-A'raf, aya ya 31, Allah (s.w.) ametuhalalishia kula na kunywa na ametukataza israfu, na katika Suratul-Israa amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Haya mnayajua. Imepokewa pia na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kwamba chakula kilicho kiovu kabisa ni cha karamu wanayoalikwa matajiri na kuachwa maskini. Angalieni kwamba katika riwaya hiyo ubaya haumo katika chungu. Nyama ni halali na mchele ni halali. Kilichokiharibu chakula ni orodha ya walioalikwa.

Lakini dalili iliyo karibu zaidi na shauri letu ni Zakatul-Fitri, ambayo kila mmoja wetu huitoa na wachache huizingatia. Pishi moja ya chakula kwa kila nafsi, mkubwa kwa mdogo, nayo itoke kabla watu hawajaenda kuswali Idi. Kwa nini kabla? Kwa sababu sharia haikutaka furaha ianze kisha ndipo maskini akumbukwe kwa makombo. Imetanguliza kumwondolea fakiri haja yake, ndipo takbiri zikapanda. Sherehe ya darasa nayo ingefuata mpangilio huo: kwanza ijulikane kwamba hakuna mtoto atakayekosa, ndipo itangazwe. Sisi tunatangaza kwanza, tunakusanya pili, na atakayekosa tunamtafutia chumba.

Tena kumbukeni sababu ya kuteremshwa Suratu Abasa. Kipofu, Abdullah bin Umm Maktum, alikuja kutafuta elimu wakati Mtume (s.a.w.) akishughulika na wakuu wa Makureshi. Mbora wa viumbe alionywa na Mola wake kwa kukunja uso mbele ya mtu ambaye hata hakuuona uso huo. Watoto wale tisa wana macho. Waliziona nyuso zetu.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa upande mwingine, maana wapo. Hao husema kwamba dawa ni kufuta sherehe kabisa, kwamba Mwislamu ana Idi mbili na mtoto akicheka siku nyingine amekwisha ingia katika bidaa. Tunawaheshimu kwa ghera yao, lakini hapa wamepita mpaka. Kuagana kwa watoto baada ya mwaka wa masomo hakukudai kuwa ibada wala hakukujiita idi. Ni jambo la ada, kama kuwakaribisha wageni. Na hata katika siku ya Idi yenyewe, Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwake, Abu Bakr (r.a.) akawakemea, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Amesimulia pia jinsi Wahabeshi walivyocheza kwa mikuki yao msikitini, naye akiwatazama huku Mtume akimsitiri mpaka aliposhiba kutazama mwenyewe. Mpaka aliposhiba mwenyewe! Hakuharakishwa. Tukiwanyima watoto wetu furaha iliyo safi, tusistaajabu wakiifuata ile chafu kwenye vibanda vya video.

(Suala la Maulidi si la hapa. Tumekwisha lizungumza na tutalizungumza tena mahali pake.)

MAGAMBA INA KILA KITU

Kinachotukera zaidi, sisi wakazi wa milima hii, ni upofu wetu. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilometa zipatazo 33 za kona na majabali. Kila siku magari huteremka barabara hiyo yakiwa yamejaa kabichi, karoti, viazi, plamu na mapeasi, yakielekea Tanga na Dar es Salaam, ambako watu huyanunua kwa bei ya juu na kushukuru. Kwa barabara hiyo hiyo sisi tunapandisha juisi ya unga iliyochorwa picha ya matunda kwenye pakiti. Kisha mtoto aliyeleta matunda yenyewe tunamwambia hayapokelewi.

Tufanye hesabu, tulivyoahidi. Chukua darasa la watoto sabini. Ndizi mbivu mbili kwa kila mtoto ni ndizi 140. Mikungu miwili mizuri inatosha na kubaki. Viazi vitatu vya kuchemsha kwa kila mmoja ni viazi 210, na debe moja la viazi vya wastani halipungui sana hapo. Chai ya rangi yenye tangawizi, robo lita kwa kila mtoto, ni lita 17 na nusu: sufuria moja kubwa ya shule, ile ile ya uji. Majani ya chai yanalimwa katika milima hii hii. Sukari ni kilo moja na nusu, na kama mtu ataona ni kidogo, ndizi zitafidia. Plamu na mapichi, ambayo huiva kuelekea mwisho wa mwaka, yaje kadiri yatakavyokuja. Hakuna kitu hapo kitakachomlazimu mzazi kukopa.

Vitu hivi visiletwe na watoto. Hili ndilo shina la shauri letu. Mtoto asibebe chochote, wala fedha wala chakula, ili asiwepo aliyebeba kingi wala aliyekuja mikono mitupu. Mwenye mkungu aupeleke jioni ya kuamkia siku hiyo kwa mjumbe wa kamati ya shule, na mjumbe huyo asiandike jina. Asubuhi vyote viwe vimechanganyika jikoni, isijulikane hii ni ndizi ya nani. Bibi mwenye kikapu cha plamu na mwenye duka watakuwa wametoa sadaka moja, na Allah peke yake ndiye ajuaye ipi nzito.

Hatukutaja nyama, na hatukusahau. Tunajua wapo watakaonung'unika kwamba sherehe bila pilau ni kikao. Lakini darasa la shule ya umma hapa kwetu lina Waislamu na Wakristo, na likiingia suala la nyama litaingia na swali la nani kachinja. Mnakumbuka mgogoro wa kuchinja uliozuka Kanda ya Ziwa mwaka 2013, uliofikia kumwaga damu huko Buseresere. Sisi hatulegezi hukumu ya dini yetu katika kuchinja hata kwa unyasi. Ndiyo maana tunasema: pasiwe na nyama. Kiazi hakina mchinjaji. Mwalimu atakuwa amepungukiwa na fitina moja, na moto wa saa nne.

Vilevile pasiwe na mavazi wala mapambo ya dini. Likizo hii huangukia Desemba, na tumeona mahali pengine watoto wetu wakivikwa kofia nyekundu, na pamba ya hospitali ikitandazwa juu ya tawi la mti ili iwe theluji, katika milima ambayo wazee wake hawajapata kuiona theluji. Ndugu zetu Wakristo wana kanisa lao na siku yao, wala hatugombani nao juu ya hilo. Wengi wao pamba hiyo inawashangaza kama sisi. Nasi kwa upande wetu tusimtake mtoto wao asimame aimbe kaswida. Darasani waliingia kama wanafunzi, na waagane kama wanafunzi.

Siku iwe Jumatano au Alhamisi. Ijumaa tuiache na shughuli yake. Waanze saa tatu na nusu asubuhi, ukungu ukishapanda kutoka msituni, na saa tano wawe wamemaliza. Saa moja na nusu inamtosha mtoto. Inayozidi hapo ni ya wakubwa. Darasa lipambwe kwa kazi zao wenyewe za mwaka mzima, zile picha na hesabu zilizolala kabatini. Ndoo mbili za maji na sabuni mlangoni, kila mtoto anawe. Kila mmoja aje na kikombe chake cha uji, na mwalimu awe na vikombe kumi vya akiba, avitoe bila ya kuuliza kwa nini.

Spika haihitajiki. Watoto wana rede, wana mdako, wana kuvuta kamba, na uwanja wa shule upo. Mvua ya vuli ikishuka, kama ilivyo desturi yake hapa, waingie ndani wategeane vitendawili. Aitwe bibi mmoja wa kijijini awasimulie ngano ya Kisambaa, kwa Kisambaa, maana watoto wengi sasa wanakisikia lugha hiyo lakini hawakijibu. Huyo ndiye mgeni rasmi. Hatachelewa, na hatahutubia juu ya maendeleo ya kata.

NA SISI WENYEWE JE?

Tungeweza kuishia hapo tukajiona wema. Lakini babu yule alipokwisha kutusimulia habari yake, mmoja wetu alikumbusha jambo ambalo lilitunyamazisha, nalo tunaliandika hapa kwa kuwa si haki kumhukumu jirani na kujisahau.

Miezi michache kabla ya hapo sisi tulifanya mahafali ya madrasa yetu. Tulichapisha bango lenye picha za wahitimu. Tuliagiza majoho. Kila mzazi alitakiwa atoe fedha ya joho na ya chakula, na tulikuwa na daftari. Watoto watatu waliokuwa wamehitimu kweli, mmoja wao akiwa na hifdhi nzuri kuliko wenzake, hawakupanda jukwaani kwa sababu hawakuwa na joho. Walikaa nyuma, kwenye mkeka, na kanzu zao za kila siku. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewaita pia. Na sisi tulikuwa na mgeni wetu rasmi, naye tulimsubiri mpaka Adhuhuri ikatukuta viwanjani.

Tofauti yetu na shule ile ni ipi? Wao hawakuwa na aya za Qur'an mdomoni. Sisi tulikuwa nazo, na Suratu Abasa ilisomwa siku ile ile, tena kwa tajwidi, na mtoto mwenye joho.

Watatu hao tumekwenda majumbani kwao kuwaomba radhi. Wawili wamerudi madrasa. Wa tatu, yule mwenye hifdhi, anauza karoti stendi ya Lushoto, na mama yake ametuambia kwa adabu kwamba tumwache kwanza.

Mahafali yajayo ya madrasa yatafanyika bila ya majoho, bila ya bango na bila ya daftari. Hili limekwisha amuliwa na kamati. Ama shule, tumemwona mwalimu mkuu mwezi huu, tukaenda na ndugu wawili wa kanisani ili isionekane kuwa ni neno la upande mmoja. Ametusikiliza vizuri, akatupa chai, na amekubali darasa moja lijaribiwe kwanza, Alhamisi ya mwisho kabla ya kufunga shule. Mikungu miwili imepata mwenyewe. Debe la viazi limeahidiwa na mtu ambaye jina lake hatuliandiki, kwa sababu tuliyoieleza. Kinachotakiwa bado ni kuni, sukari, na watu wanne wa kuosha sufuria. Anayeweza amwone imamu baada ya Swala ya Magharibi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa.

Kuhusu plamu, tumemtuma mtu kwa bibi yule. Amejibu kwamba mwaka huu mti umezaa sana, ila anataka kuhakikishiwa kwanza kwamba zitapokelewa.

Wabillahi Tawfiq.